Mfalme Mwenye Viambishi vya Kike: Maisha na Maziko ya Hatshepsut

Katika hekalu la Seti wa Kwanza huko Abydos, Misri, upo ukuta uliochongwa majina ya wafalme 76 katika karne ya 13 K.K. Orodha hiyo inaanzia kwa yule anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ufalme na kukomea kwa Seti mwenyewe. Msomaji akifika kwenye jina la Thutmose wa Pili, jina linalofuata ni la Thutmose wa Tatu. Hakuna pengo baina yao, wala hakuna dalili ya jina lililofutwa. Orodha inasomeka kana kwamba mwana alimpokea baba kiti siku ile ile. Ukweli ni kwamba baada ya Thutmose wa Pili aliitawala Misri mtu mwingine, takriban tangu 1479 hadi 1458 K.K., akajenga kuliko wengi waliomtangulia, akatuma merikebu hadi Pembe ya Afrika, na akasimamisha nguzo za jiwe ambazo moja yake ingali wima hadi leo. Mtu huyo alikuwa mwanamke, na jina lake ni Hatshepsut.

Alizaliwa katika ukoo wa 18 wa wafalme wa Misri, ukoo uliopata nguvu baada ya kuwatimua Wahiksosi, wageni waliokuwa wameitamalaki sehemu ya kaskazini ya nchi. Baba yake, Thutmose wa Kwanza, alikuwa mpiganaji aliyefika na majeshi yake Nubia upande wa kusini na mto Furati upande wa kaskazini-mashariki. Mama yake, Ahmose, alikuwa mke mkuu wa mfalme. Jina la Hatshepsut lina maana ya yule aliye mbele ya wanawake watukufu. Ile t ya mwisho wa jina si sauti ya kupambia tu: katika Kimisri cha kale t ndiyo alama ya jinsia ya kike, na alama hiyo ndogo ndiyo itakayokuja kumwokoa mwenye jina.

Baba alipofariki, kiti kilimwendea Thutmose wa Pili, aliyezaliwa na mke mwingine aitwaye Mutnofret. Hatshepsut aliozwa ndugu yake huyo wa kambo. Ndoa ya namna hiyo humkirihisha msomaji wa leo, lakini katika jumba la kifalme la Misri ilikuwa njia ya kuzuia utukufu na mali ya ukoo visitoke nje. Walijaliwa binti, Neferure. Mtoto wa kiume wa mfalme alizaliwa na mke mdogo, Isis. Naye ndiye Thutmose wa Tatu. Fauka ya kuwa mke wa mfalme, Hatshepsut alishika pia wadhifa wa Mke wa Mungu Amun, cheo cha kidini kilichoambatana na mashamba, watumishi na sauti kubwa hekaluni Karnak. Kwa hiyo si kweli kwamba uwezo wake wote ulitokana na mumewe.

Thutmose wa Pili hakutawala muda mrefu. Mnamo Februari 2025 serikali ya Misri ilitangaza kuwa kaburi lake limetambuliwa katika vilima vya magharibi ya Luxor, na watafiti wa Misri wakishirikiana na Waingereza. Vipande vya vyombo vya alabasta vilivyookotwa humo vina jina la mfalme huyo akitajwa kuwa ni marehemu, na kando yake jina la Hatshepsut, mkewe mkuu. Basi ushahidi wa mapema wa shughuli zake makaburini ni huu wa mjane anayemzika mume.

Mrithi, Thutmose wa Tatu, alikuwa bado mtoto, na Hatshepsut akawa msimamizi wa ufalme kwa niaba yake. Hapo hapakuwa na ajabu, kwa maana wanawake wa ikulu walikwisha kuwashikia watoto wao usukani kabla yake. Ajabu ilikuja miaka michache baadaye, pale alipovikwa taji na kupewa jina la kifalme la Maatkare. Ithibati ya wakati wa tukio hilo haikutoka ikulu bali katika kaburi la mama mmoja mzee wa kawaida, Hatnofer, mzazi wa ofisa Senenmut. Wanaakiolojia wa Jumba la Makumbusho la Metropolitan la New York walilikuta kaburi hilo likiwa halijaguswa katika msimu wa 1935-36. Miongoni mwa mitungi iliyowekwa humo kuwa masurufu ya safari ya ahera, mmoja ulikuwa na tarehe ya mwaka wa 7, na mingine ilikuwa na muhuri wa Maatkare. Hivyo inajulikana kuwa kufikia mwaka wa 7 tangu Thutmose wa Tatu arithi kiti, mlezi wake alikuwa tayari mfalme.

Alikuwa mfalme, si malkia, na hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapopaswa kusita. Katika Kiswahili neno malkia linamtosha mke wa mfalme na linamtosha pia mwanamke anayetawala kwa haki yake mwenyewe. Kimisri cha kale hakikuwa na neno la namna hiyo. Kilikuwa na nesu, yaani mfalme, na hemet nesu, yaani mke wa mfalme. Mwanamke aliyetaka kutawala hakuwa na jina la kujiita isipokuwa la kiume, na pamoja na jina hilo zilikuja ndevu za bandia, kilemba cha mistari, na mkia wa fahali uliofungwa kiunoni. Sanamu zake za mwanzo zinamwonyesha akiwa na umbo la kike huku amevaa kilemba cha mfalme. Za baadaye zina kifua bapa, mabega mapana na ndevu. Wapo walioliita jambo hili hila ya mwanamke aliyetaka kuwalaghai raia. Dai hilo ni dhaifu. Maandishi yaliyozunguka sanamu hizo hizo yalimtaja waziwazi kuwa mwanamke, na katika jengo lake la ibada waliandika kisa cha jinsi mungu Amun alivyomjia Ahmose kwa sura ya mumewe, na mungu Khnum akamfinyanga mtoto kwenye gurudumu la mfinyanzi. Mtoto aliyesimuliwa ni binti. Sura ya kiume ilikuwa vazi la cheo, kama vile joho la hakimu lisivyobadilika kwa kuwa aliyelivaa ni mwanamke.

Mafundi wa maandishi walikuwa na kazi ngumu kuliko wachongaji wa sanamu. Kimisri hupatanisha jinsia katika nomino, vivumishi na viwakilishi. Mwana wa kiume ni sa, binti ni sat. Kiambishi cha umilikaji cha mwanamume ni f, cha mwanamke ni s. Mfalme huitwa mungu mwema, netjer nefer. Lakini Hatshepsut akiitwa hivyo maneno yote mawili hupokea t, yakawa netjeret neferet. Wafalme wote walijiita wana wa Ra, naye aliandikwa binti wa Ra. Katika maandishi mengine waandishi walichanganya, mahali f na mahali s, pengine kwa mazoea ya kalamu. Hata hivyo alama za kike zilitapakaa katika kuta zake kama unga kwenye nguo ya msagaji. Kiswahili hakina upatanisho huo. Ngeli ya A-WA haibagui mume na mke, na sentensi isemayo kuwa mtawala aliketi kitini pake akatoa amri zake haifichui lolote juu ya jinsia yake. Laiti kuta za Hatshepsut zingeandikwa kwa lugha ya namna ya Kiswahili, waliotaka kumfuta wangefaulu pakubwa zaidi.

Vilevile neno Firauni lenyewe ni jumba kabla ya kuwa mtu. Asili yake ni per-aa, nyumba kubwa, na katika zama hizi za Hatshepsut na Thutmose wa Tatu ndipo lilipoanza kutumiwa kumtajia mfalme mwenyewe. Lilipofika kwa Waswahili kwa njia ya Kiarabu lilikwisha kubeba sifa ya ujeuri, hata leo mtu mwovu huitwa firauni bila msemaji kuifikiria Misri.

Utawala wake ulikuwa zaidi wa ujenzi kuliko wa vita. Kazi iliyo maarufu ni hekalu la Deir el-Bahari, ng'ambo ya magharibi ya Mto Naili, ambalo yeye aliliita Djeser-Djeseru, takatifu kupita takatifu zote. Limepanda kwa sakafu tatu zenye safu za nguzo, likaegemezwa kwenye genge refu la mlima, kando ya hekalu la Mentuhotep wa Pili lililolitangulia kwa zaidi ya miaka 500. Msimamizi aliyehusishwa zaidi na kazi hizi ni Senenmut, mtu wa aila isiyokuwa na cheo, aliyepanda hadi kuwa mkuu wa mali ya Amun na mlezi wa binti Neferure. Zaidi ya sanamu 20 zake zimepatikana, kadhaa zikimwonyesha amempakata mtoto huyo. Alithubutu hata kuichonga sura yake nyuma ya milango ya vijumba vya hekalu, mahali ambapo mlango ukifunguliwa haionekani. Waandishi wengi wamemfanya kuwa mpenzi wa siri wa Hatshepsut. Huo ni umbeya wa miaka 3,500. Hakuna waraka unaouthibitisha, na ni vigumu kutofikiri kwamba mfalme wa kiume mwenye ofisa hodari asingezuliwa jambo kama hilo.

Mnamo mwaka wa 9 wa utawala wake alituma msafara hadi Punt. Picha za msafara huo zimechongwa katika sakafu ya kati ya Deir el-Bahari, na miongoni mwa kumbukumbu za kale zinazohusu upande huu wa bara la Afrika ni chache zinazozishinda kwa uhai. Merikebu tano zinaonekana zikitweka tanga. Chini yake wanaogelea samaki waliochorwa kwa uangalifu kiasi kwamba wataalamu wametambua aina za Bahari ya Shamu. Nyumba za Wapunti zimejengwa juu ya vigingi, na watu huziingia kwa ngazi. Mkuu wa nchi, Parehu, amesimama kuwapokea wageni pamoja na mkewe Ati, mwanamke mnene mno, na nyuma yao yupo punda wa kumbeba bibi huyo. Mchongaji hakumwonea haya wala hakumkejeli. Alimchonga alivyomwona, au alivyosimuliwa.

Bidhaa zilizopakiwa ni zile ambazo msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anazijua kwa majina yake: manemane na ubani, pembe za ndovu, mpingo, dhahabu, ngozi za chui, na nyani hai. Jambo lisilokuwa la kawaida ni miti 31 ya manemane iliyong'olewa na mizizi yake, ikatiwa makapuni na kubebwa mabegani hadi merikebuni ili ikapandwe Thebes. Wenye nia hiyo hawakutaka tena kununua uvumba. Walitaka kumiliki shina lake. Punt ilikuwa wapi hasa ni suala lililojadiliwa kwa muda mrefu. Utafiti wa mwaka 2020 uliopima kemikali katika mifupa ya nyani waliozikwa Misri, si hao wa Hatshepsut bali wengine, uliashiria eneo la Eritrea, Ethiopia, Djibouti na Somalia, pamoja na sehemu ya Yemeni. Mwaka 2023 uchunguzi wa nasaba za nyani wengine ulielekeza kwenye pwani ya Eritrea. Waliojaribu kuishusha Punt hadi kwenye pwani ya Waswahili hawana ushahidi, na hapana haja ya kuazima sifa isiyokuwa yetu.

Katika mwaka wa 16 alisimamisha Karnak nguzo mbili ndefu za itale, kila moja ikiwa ni jiwe moja zima lililokatwa Aswan. Maandishi yaliyo kwenye tako lake yanaeleza kuwa kuzikata kulichukua miezi 7. Moja imesalia, ina kimo cha karibu mita 30 na inakadiriwa kuwa na uzito wa zaidi ya tani 300. Baadaye Thutmose wa Tatu aliizungushia ukuta sehemu yake ya chini ili isionekane. Matokeo yake yalikuwa kinyume: ukuta uliikinga itale na jua, upepo na nyundo, na sehemu iliyofichwa ndiyo iliyohifadhika vizuri zaidi.

Mmisri mwenye uwezo alianza kulichimba kaburi lake angali hai na mzima. Hatshepsut alilianza la kwanza alipokuwa bado mke wa mfalme, katika bonde la upweke kusini-magharibi mwa Deir el-Bahari, ndani ya ufa wa genge, yapata mita 70 kutoka chini. Habari za kupatikana kwake zinashabihi hadithi za kubuni. Mwaka wa 1916 mwanaakiolojia Mwingereza Howard Carter alipashwa habari kuwa wezi wameingia kaburi la juu ya genge. Alipanda mlima usiku, akaikuta kamba ya wezi ikining'inia, akaikata, kisha akateremka kwa kamba yake mwenyewe na kuwakuta watu wanane wakichimba gizani. Aliwapa hiari ya kupanda kwa kamba yake au kubaki humo bila kamba. Baada ya siku nyingi za kuondoa vifusi, ndani ya kaburi hamkuwa na hazina yoyote. Mlikuwa na jeneza la jiwe gumu, lenye jina la Hatshepsut na vyeo vyake vya mke wa mfalme. Halikupata kutumika. Mwenyewe alipovikwa taji aliliacha huko huko juu, kama mtu aliyehama nyumba kwa kuwa hadhi yake imepanda.

Kaburi lake la kifalme liko katika Bonde la Wafalme, na wataalamu huliita KV20. Hakuna lililo refu kama hilo miongoni mwa makaburi ya zama zake. Njia yake inajipinda na kuteremka kwa zaidi ya mita 200, hadi karibu mita 100 chini ya mlango. Carter huyo huyo ndiye aliyelisafisha kati ya 1903 na 1904, kwa gharama ya tajiri Mmarekani Theodore Davis. Vifusi vilikuwa vimegandamana kama saruji, popo wamejaa, na kule ndani hewa ilikuwa nzito na joto kali hata mishumaa ya wafanyakazi ikayeyuka kabla ya kutoa mwanga wa kutosha. Ikabidi kuvuta umeme na kuingiza hewa kwa mashine. Chumba cha mwisho kilikuwa na majeneza mawili ya jiwe. Moja ni la Hatshepsut mfalme. La pili nalo lilichongwa kwa ajili yake, kisha likachongwa upya ili alazwe humo baba yake, Thutmose wa Kwanza. Alitaka walale pamoja. Mwanamke ambaye haki yake ya kutawala ilitiliwa mashaka alijipatia hoja isiyojibika: mwili wa baba kando ya mwili wa bintiye. Lakini hata katika jambo hilo pasingekosekana mapenzi ya mtoto kwa mzazi, na si lazima kila tendo la mtawala lifasiriwe kuwa siasa.

Mwamba wa KV20 ulikuwa mbovu, haukuweza kupakwa rangi wala kuandikwa. Kwa sababu hiyo yalitayarishwa mabamba ya chokaa yaliyoandikwa kwa wino mwekundu na mweusi sura za Amduat, kitabu cha safari ya jua kupitia saa 12 za usiku. Carter aliyakuta sakafuni. Hayakuwahi kubandikwa ukutani.

Hatshepsut alifariki katika mwaka wa 22 wa hesabu ile iliyoanzia kwa mtoto Thutmose, ambaye sasa alikuwa mtu mzima na mkuu wa majeshi. Kwa desturi mwili wa mfalme ulihitaji siku 70: kutolewa viungo vya ndani na kuhifadhiwa kando, kukaushwa kwa chumvi ya natroni, kupakwa mafuta na kufungwa sanda za kitani. Sanduku la viungo vyake lilipatikana KV20, nalo ni dalili ya kwamba alizikwa kwa heshima za mfalme. Thutmose wa Tatu hakumnyima maziko. Akaendelea kutawala peke yake kwa zaidi ya miaka 30, akapigana vita vingi, na baadaye akamhamisha babu yake hadi kaburi jingine.

Kufutwa kwa jina kulianza takriban miaka 20 baada ya kifo chake. Mafundi walitumwa na patasi kuliondoa jina la Hatshepsut kwenye vitanzi vya kifalme na kuandika mahali pake Thutmose wa Kwanza, wa Pili au wa Tatu. Sanamu za Deir el-Bahari zilitolewa, zikavunjwa na kufukiwa mashimoni, ambako kikosi cha Herbert Winlock kilizichimbua katika miaka ya 1920. Katika imani ya Wamisri jina lilikuwa sehemu ya nafsi, kama ulivyo mwili na kivuli. Marehemu aliendelea kuishi maadamu jina lake linatajwa na chakula kinatolewa mbele ya sura yake. Kumfuta mtu jina kulikuwa kumuua mara ya pili, na safari hii bila tumaini la kufufuka.

Wataalamu wa mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 walilieleza tukio hilo kwa kisa cha mama wa kambo mwovu na kijana aliyelipiza kisasi. Ni kisa kitamu, ila hakielezi kwa nini kijana alingoja miaka 20. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kuwa Thutmose, akiwa mzee, alitaka mwanawe Amenhotep wa Pili arithi bila mshindani kutoka tawi jingine la ukoo, na kumbukumbu ya mwanamke aliyetawala akiwa mfalme ilikuwa hatari kwa utaratibu huo. Mwaka 2025 mtafiti Jun Yi Wong alichapisha uchunguzi wa vipande vya sanamu za Deir el-Bahari, akaonyesha kuwa nyingi zilikatwa shingoni, kiunoni na magotini, mtindo uliotumiwa kuziondolea nguvu sanamu za wafalme wengine pia, na kwamba baadhi ya uharibifu ulitokea nyakati za baadaye, vipande vilipotumiwa kama mawe tu. Utafiti huo haufuti ukweli kwamba jina lake lilitafutwa ukutani likakwanguliwa. Unachofuta ni ile picha ya kijana mwenye hasira anayebomoa sanamu.

Patasi iliondoa jina. Haikuondoa sarufi. Mafundi walibadilisha vile vitanzi vya majina lakini katika sehemu nyingi waliziacha t na s za sentensi zilizobaki, kwa haraka, kwa uvivu, au kwa kuwa hawakujua kusoma. Mwaka wa 1829, Mfaransa Champollion, aliyekuwa amefumbua siri ya maandishi ya Misri miaka 7 tu kabla, alifika Deir el-Bahari akastaajabu. Mbele yake palikuwa na mfalme mwenye ndevu, wakati maandishi yaliyomhusu yalikuwa na nomino na viambishi vya kike, kana kwamba yanamzungumzia bibi. Aliona hata jina la Thutmose likifuatwa na upatanisho wa kike. Hakulitatua fumbo lote, ila alitambua kuwa kuna mwanamke aliyefichwa nyuma ya ukuta ule. Waliomfuata, akiwemo Edouard Naville aliyelifukua hekalu kati ya 1893 na 1899, walilipata jina lenyewe mahali ambapo patasi haikufika. Kumbukumbu nyingine ilikuwa imesalia kwa Manetho, kuhani wa Misri wa karne ya 3 K.K. aliyeandika historia kwa Kigiriki. Aliorodhesha malkia mmoja aliyetawala miaka 21 na miezi 9. Jina alilompa halifanani na Hatshepsut, lakini hesabu yake inakaribia sana.

Uliobaki kutafutwa ni mwili. Jeneza la KV20 lilikuwa tupu. Mwishoni mwa Ufalme Mpya, makaburi yalipokuwa yakiibwa, makuhani waliwakusanya wafalme na kuwaficha katika pango karibu na Deir el-Bahari, ambalo lilitambuliwa rasmi mwaka 1881. Humo mlikuwa na kisanduku cha mbao chenye jina la Hatshepsut, na ndani yake kiungo kilichokaushwa. Yeye mwenyewe hakuwemo.

Mwaka 1903 Carter alikuwa ameingia pia kaburi dogo lisilo na mapambo, KV60, akawakuta wanawake wawili waliokaushwa. Mmoja alikuwa katika jeneza lenye jina la Sitre-In, yaya wa mfalme, mwanamke aliyemnyonyesha Hatshepsut na ambaye sanamu yake ilipatikana Deir el-Bahari amempakata mtawala huyo kama mtoto mdogo. Yaya alihamishiwa Kairo. Wa pili aliachwa sakafuni: mwanamke mnene, mkono wa kushoto umekunjwa kifuani na ngumi imefumbwa, mkao wa wanawake wa kifalme. Carter hakuona thamani yake, akalifunga kaburi. Mwaka 1966 Elizabeth Thomas alidokeza kuwa huenda ndiye Hatshepsut, na Donald Ryan alilifungua tena kaburi mwaka 1989.

Mnamo Juni 2007 Zahi Hawass, mkuu wa mambo ya kale wa Misri wakati huo, alitangaza kuwa kile kisanduku cha 1881 kimepigwa picha za ndani kwa mashine ya hospitali, na ndani yake limeonekana gego linaloingiana na pengo katika mdomo wa mwanamke wa KV60. Uchunguzi ulionyesha mtu wa umri wa makamo au zaidi, mwenye meno mabovu na saratani iliyofika mifupani. Tangazo lilipokewa kwa shangwe duniani kote. Hata hivyo wapo wataalamu waliopinga, kwa kuwa jino la kisandukuni linaonekana kuwa la taya la chini ilhali pengo liko taya la juu, na hoja hiyo haijaondolewa. Kama ni yeye, basi mfalme aliyejichimbia makaburi mawili na kuchongewa majeneza matatu ya jiwe alikutwa sakafuni bila jeneza, kando ya mwanamke aliyemlea.

Usiku wa Aprili 3, 2021, miili 22 ya kifalme ilihamishwa kwa maandamano makubwa kutoka makumbusho ya zamani katika uwanja wa Tahrir, Kairo, hadi makumbusho mapya ya Fustat. Kila mwili ulisafiri katika gari lake. Miongoni mwao alikuwemo mwanamke wa KV60, akitajwa kuwa ndiye Hatshepsut. Watangazaji walieleza kuwa msafara una wafalme 18 na malkia 4. Yeye alihesabiwa na wale wanne, akiitwa kwa Kiarabu malika, neno lililokizalia Kiswahili malkia.